Kiambatisho umekihifadhi, mbona hakionekani kwenye kifaa kingine?

Unapokea mkataba kwa barua pepe, unaufungua, unabofya kuhifadhi, na jina la faili unaliona kabisa kwenye skrini. Baadaye unashika simu au kompyuta nyingine, faili hakuna. Hapo ndipo wengi huanza kuzima na kuwasha Wi-Fi, kutoka kwenye akaunti na kuingia upya, na mwishowe kufuta programu nzima na kuisakinisha tena. Mara chache husaidia. Mara nyingi haisaidii kitu, kwa kuwa kinachotengenezwa sicho kilichoharibika, na pengine hakuna hata kilichoharibika.

Kabla hujagusa mpangilio wowote, elewa kwamba ndani ya kifaa kimoja kuna mitambo miwili ya kusawazisha, na haijuani. Mmoja ni wa barua pepe: kazi yake ni kuhakikisha kila kifaa kinaona ujumbe uleule. Mwingine ni wa mafaili: OneDrive, Google Drive, Dropbox, iCloud na wenzao, ambao hutazama folda fulani na kuhakikisha kilichomo kinafanana kila mahali. Kiambatisho kinapohifadhiwa hutoka mikononi mwa mtambo wa kwanza. Kupokelewa na wa pili hakujitokezi kwenyewe. Hitilafu nyingi zinazoitwa za kusawazisha, kwa ninavyoziona, hukaa hapo mpakani, mahali ambapo hakuna programu inayojiona ina wajibu wa kukuonya.

Kikiwa ndani ya ujumbe, na kikishatoka

Barua pepe ilianza kwa kubeba herufi tupu. Mwaka 1992 Nathaniel Borenstein na Ned Freed walichapisha kanuni za MIME, zilizowezesha picha, sauti na nyaraka kusafiri ndani ya ujumbe bila kuvuruga mfumo uliojengwa kwa ajili ya maandishi. Mbinu iliyozoeleka ni Base64, ambayo hugeuza kila baiti 3 za faili kuwa herufi 4. Ndiyo maana faili la MB 18 likiwa safarini hufika MB 24 na ushee. Ukilinganisha ukubwa wa ujumbe na ukubwa wa faili ulilohifadhi, pengo hilo lisikutishe: faili halikukatika njiani, limerudi tu kwenye umbo lake.

Kiambatisho ambacho hakijatolewa ni sehemu ya ujumbe na huenda popote ujumbe unapokwenda. Akaunti inayotumia IMAP, itifaki iliyobuniwa na Mark Crispin mwaka 1986, huacha ujumbe kwenye seva, yaani kompyuta ya mtoa huduma, na kila kifaa huutazama hukohuko. Akaunti inayotumia POP huushusha ujumbe kwenye kifaa na, kutegemea ilivyopangwa, huufuta kwenye seva baada ya hapo. Mwenye POP anaweza kuilaumu simu kutwa nzima kwa kutoonyesha kiambatisho, kumbe barua yenyewe iliondoka kwenye seva pale kompyuta ya kwanza ilipoipokea.

Ukibofya kuhifadhi, programu inasoma zile herufi, inazirudisha kuwa baiti na kuandika faili jipya kwenye diski. Tangu hapo faili hilo halina uhusiano wowote na ujumbe. Ukilihariri, ujumbe haubadiliki. Ukiufungua ujumbe uleule kwenye simu utakuta toleo la awali, vilevile kama mtumaji alivyolituma. Wapo wanaoona hili kuwa hitilafu. Si hitilafu, na siku utakapotakiwa kuthibitisha ulitumiwa nini hasa, utafurahi kwamba ujumbe haukuguswa.

Kuna pia viambatisho ambavyo si viambatisho. Gmail, kwa mfano, hairuhusu kutuma zaidi ya MB 25, na faili likizidi hapo hupandishwa Google Drive na ujumbe ukabeba kiungo tu. Kwa macho vinafanana: kibandiko kidogo chenye jina na picha ya faili. Lakini faili lenyewe linaishi kwenye akaunti ya mtumaji. Akilifuta au akiondoa ruhusa, huna kitu. Na nyaraka za Google ukizikuta kwenye folda ya kompyuta zikiwa na kiendelezi cha .gdoc, ujue hicho ni kielekezi kidogo tu. Ukikinakili kwenda huduma nyingine, kitafika bila maudhui hata sentensi moja. Kwa hiyo ukiona kiambatisho "kilichohifadhiwa" kina ukubwa wa KB moja au mbili, huenda ulichonacho ni anwani ya faili, si faili.

Faili liko wapi hasa?

Swali hili ndilo la kuanza nalo, kabla ya kuuliza kwa nini halisafiri. Tazama anwani hizi mbili za faili kwenye kompyuta ya Windows:

C:\Users\mtumiaji\OneDrive\Documents\Mkataba.docx

C:\Users\mtumiaji\AppData\Local\Microsoft\Windows\INetCache\Content.Outlook\K7QX2M4B\Mkataba.docx

Ukiyafungua mafaili haya mawili, dirisha la Word litaonekana lilelile, na jina juu yake ni lilelile. La kwanza liko kwenye folda inayotazamwa na OneDrive. La pili liko kwenye folda ya muda ambayo Outlook ya kompyuta huitumia unapobofya kiambatisho mara mbili bila kukihifadhi kwanza. Folda hiyo imefichwa, ina jina la kubahatisha, na hakuna huduma yoyote ya kusawazisha inayoiangalia. Programu za kisasa hujitahidi kukukinga kwa kukufungulia faili la kusoma tu, ila si zote na si kila wakati. Mtu anaweza kuhariri kwa saa mbili, akabofya kuhifadhi, akafunga, na kazi yake yote ikabaki kwenye chumba ambacho mfumo unajiona una haki ya kukifagia. Ikiwa una mazoea ya kufungua kiambatisho moja kwa moja kutoka kwenye ujumbe na kuanza kuandika, hiyo ndiyo tabia ya kwanza ya kuacha. Hifadhi kwanza mahali unapopajua, kisha lifungue kutoka huko.

Mahali pa pili pa kutazama ni folda ya Vipakuliwa, ile ambayo kwenye mashine nyingi imeandikwa Downloads. Ukisoma barua pepe kupitia kivinjari, viambatisho huangukia huko usipochagua vingine. OneDrive hukuwezesha kuhifadhi nakala za eneo-kazi, nyaraka na picha, lakini Downloads haimo kwenye mpango huo. Kwenye Mac, iCloud inaweza kusawazisha eneo-kazi na nyaraka, na hapo pia Downloads ya kompyuta hubaki nje. Mtu aliyewasha huduma hizi huamini kwamba kompyuta yake yote sasa iko mtandaoni, na hakuna ujumbe wowote unaomwambia kwamba folda anayoitumia kuliko zote imeachwa. Dawa ni fupi: hamisha faili uliweke kwenye folda inayosawazishwa, au nenda kwenye mipangilio ya kivinjari ubadilishe mahali pa kupakulia. Mimi napendelea njia ya kwanza. Folda ya Vipakuliwa ikisawazishwa nzima, kila takataka uliyowahi kuishusha itapanda mtandaoni na kula nafasi, na mafaili yaliyo katikati ya kupakuliwa, yenye viendelezi kama .crdownload au .part, yatajaribu kusafiri kabla hayajakamilika.

Simu ina utata wake, na hapa ndipo watu huumia zaidi. Kwenye kompyuta, programu ya wingu, yaani OneDrive na wenzake, hutazama folda na kubeba chochote kinachoingia. Kwenye simu, programu zilezile kwa kawaida hazifanyi hivyo. Zinaweza kupandisha picha za kamera zenyewe, lakini PDF uliyoihifadhi kwenye kumbukumbu ya simu itakaa hapohapo mpaka uipeleke kwa mkono. Kuwa na programu ya Google Drive kwenye simu hakumaanishi folda za simu zinasawazishwa. Maana yake ni kwamba unaweza kuingia kwenye Drive ukiwa kwenye simu. Ukiwa ndani ya programu ya barua pepe, tumia kitufe cha kushiriki au alama ya kuongeza kwenye Drive, uchague folda, na usubiri arifa kwamba upakiaji umekamilika. Kubofya mshale wa kupakua pekee hakutoshi.

Jambo la mwisho kuhusu mahali ni akaunti. Kifaa chenye akaunti ya kazi na akaunti binafsi hukumbuka ile iliyotumika mwisho, na dirisha la kuhifadhi huonyesha folda zenye majina yanayofanana kwenye akaunti zote mbili. Faili limesawazishwa vizuri kabisa, ila kwenda nyumba ya jirani. Kabla ya kuhangaika, fungua akaunti zako zote na utafute kwa jina.

Katikati kuna kituo: kitazame

Ukishajiridhisha kwamba faili limo ndani ya folda sahihi na bado halionekani kwingine, usilinganishe kifaa na kifaa. Fungua kivinjari, ingia kwenye tovuti ya huduma unayotumia, na utazame huko. Safari ina vipande viwili: kupanda kutoka kifaa cha kwanza hadi seva, na kushuka kutoka seva hadi kifaa cha pili. Faili likionekana kwenye tovuti, kompyuta ya kwanza imemaliza kazi yake na huna sababu ya kuigusa. Tatizo liko kwenye kifaa cha pili. Lisipoonekana, kiache hicho cha pili. Hatua hii haichukui dakika moja, na sijui kwa nini watu huiruka.

Ikiwa tatizo ni kupanda, fanya jaribio hili. Tengeneza faili dogo la maandishi, uliite jaribio.txt, uliweke kando ya lile lililokwama. Likipanda, mtandao, akaunti na programu viko salama, na kosa ni la faili lako. Sasa nakili faili hilo na uipe nakala jina fupi, tuseme a.pdf. Nakala ikipanda, lililokuwa na kasoro ni jina. Isipopanda, ihamishe kwenye folda ya juu kabisa ya wingu. Ikipanda kutoka hapo, anwani ilikuwa ndefu mno au folda iliyokuwamo ina shida. Ikigoma hata hapo, faili lenyewe ndilo lenye jambo: limefungwa na programu nyingine, ni kubwa kuliko nafasi iliyobaki, au ni la aina iliyozuiwa. Na ikiwa hata jaribio.txt halikupanda, acha kabisa kulichunguza lile faili. Tazama akaunti, nafasi na mtandao.

Majina, chanzo cha matatizo mengi kuliko kinavyodhaniwa

Jina la kiambatisho hutungwa na mtumaji, kwenye kompyuta yake, kwa sheria za mfumo wake. Linapotua kwako linakutana na sheria nyingine. Chukua jina hili: Bajeti: toleo la mwisho?.pdf. Linux inalikubali bila neno. Windows inalikataa mara mbili, kwa sababu ya nukta pacha na kwa sababu ya alama ya kuuliza. Windows haitaki alama tisa kwenye jina la faili: mikwaju yote miwili, nukta pacha, kinyota, alama ya kuuliza, alama ya kunukuu, mabano mawili ya pembe, na mstari wa wima. OneDrive inakataa hizohizo, na inakataa pia jina linaloanza au kuishia na nafasi tupu. Hiyo nafasi ya mwisho ni mtihani, maana haionekani kwa macho. Bofya kubadilisha jina, upeleke kishale mwisho kabisa, ndipo utaigundua.

Programu nzuri ya barua pepe husafisha jina wakati wa kuhifadhi na kuweka kistari cha chini palipo na alama iliyokatazwa. Balaa huanza pale faili linapohifadhiwa kwenye mfumo unaoruhusu alama hizo na kusubiriwa kwenye mfumo usioziruhusu. Linapanda vizuri, kwenye tovuti linaonekana, kwenye kompyuta ya Windows halishuki. Ukishafanya ule uchunguzi wa kwenye tovuti na ukakuta faili lipo, jina ndilo la kwanza kushukiwa.

Yapo pia majina yaliyokatazwa mazima. CON, PRN, AUX na NUL yalitengwa zamani kwa ajili ya vifaa vya kompyuta, na mpaka leo OneDrive haisawazishi faili lenye jina hilo. Haipandishi pia majina yanayoanza na alama za ~$, na hapo iko sahihi: hayo ni mafaili madogo ya ulinzi ambayo Word na Excel hutengeneza unapofungua waraka, na hufutika ukiufunga. Ukiliona moja limebaki na waraka umeshaufunga, lifute. Mafaili yenye kiendelezi cha .tmp nayo huachwa nje makusudi.

Kisha kuna urefu. Kwa desturi ya Windows anwani nzima ya faili, kuanzia herufi ya diski hadi kiendelezi, haipaswi kuzidi herufi 260. OneDrive upande wake ina kikomo cha herufi 400. Namba hizo zinaonekana kubwa mpaka ukutane na kiambatisho cha zip, yaani mafaili mengi yaliyobanwa kuwa moja. Ukikifungua, kompyuta inatengeneza folda yenye jina la zip. Ndani yake unakuta folda nyingine yenye jina lilelile, kwa kuwa mtumaji alibana folda nzima. Ndani ya hiyo kuna mafaili ambayo kila moja limeandikwa jina la mradi, tarehe, namba ya toleo na jina la aliyelikagua. Jina la mradi limeshajirudia mara tatu au nne kwenye anwani moja. Ukiweka yote hayo ndani ya folda ambayo tayari iko ngazi ya sita, umefika. Dalili yake ni ya ajabu kidogo: mafaili yenye majina mafupi kutoka zip hiyohiyo yanapanda, yenye majina marefu yanabaki. Ondoa folda moja iliyojirudia, na kwa kawaida mengine yote hufuata.

Tofauti ya herufi kubwa na ndogo nayo ina visa vyake. Kwa Windows, na kwa Mac ilivyopangwa kiwandani, Ripoti.pdf na ripoti.pdf ni faili moja. Kwa Linux ni mawili. Mtu akihifadhi yote mawili kwenye mfumo unaoyatofautisha, mfumo mwingine hautajua uonyeshe lipi. Huduma moja itabadilisha jina la mojawapo, nyingine itaacha moja nje kimyakimya.

Jina kujirudia kuna hasara zaidi pale viambatisho vinapohifadhiwa na mashine. Siku hizi ni rahisi kuweka kanuni kwamba kila barua kutoka kwa mtumaji fulani, kiambatisho chake kiende moja kwa moja kwenye folda ya wingu. Mtumaji huyo akiwa ni mfumo wa kutoa ankara unaoita kila faili ankara.pdf, basi, kutegemea kanuni ilivyoandikwa, la leo linaweza kulifunika la jana. Utaapa kwamba usawazishaji umepoteza mafaili yako, kumbe umefanya ulichouambia. Iongezee kanuni hiyo tarehe na saa kwenye jina. Kama tayari umefunikwa, angalia historia ya matoleo kwenye tovuti ya huduma. Mara nyingi ankara za zamani zimo humo, zimelala chini ya jina moja kama matoleo ya faili moja.

Faili likiwa wazi, na nakala mbili zikigombana

Waraka ulio wazi kwenye programu unaweza kufungwa dhidi ya programu nyingine, ikiwemo ile ya kusawazisha. Ukiona mishale inazunguka kwenye aikoni ya faili bila kukoma, funga waraka, funga na dirisha la hakikisho (preview), lile linaloonyesha maudhui ya faili bila kulifungua, kwenye kivinjari cha mafaili, kisha subiri kidogo. Hakikisho husahaulika, lakini nalo hufungua faili.

Kwa viambatisho kuna kizuizi cha ziada. Windows hutia alama faili lililotoka intaneti, na Word hulifungua katika mwonekano wa ulinzi mpaka ubofye kuruhusu uhariri. Kabla ya hapo hakuna kinachohaririwa, kwa hiyo hakuna kinachohifadhiwa wala kusawazishwa. Usiwe mwepesi wa kubofya ruhusa hiyo kwa faili ambalo hukulitarajia. Antivirusi nayo inaweza kulitia karantini faili sekunde chache baada ya kuhifadhiwa: umeliona, halafu halipo, ukadhani wingu limelimeza. Historia ya antivirusi itakuambia. Na ikiwa faili ni la programu, lenye kiendelezi kama .exe, lilikuwa na nafasi ndogo tangu mwanzo. Gmail huyazuia hata yakiwa ndani ya zip.

Ukihariri faili lilelile kwenye vifaa viwili kabla havijakutana mtandaoni, huduma hailazimiki kuchagua mshindi. Huacha yote mawili na kuongeza kitu kwenye jina la mojawapo: OneDrive huongeza jina la kompyuta, Dropbox huandika kwamba ni nakala yenye mgongano. Mtu anayefungua jina analolizoea tu ataona marekebisho yake hayapo na kusema halijasinki. Panga folda kwa tarehe badala ya jina, na nakala ya pili itajitokeza juu.

Nafasi, betri na mtandao

Nafasi ikijaa, upandishaji husimama, na kinachoudhi ni kwamba huduma nyingi huendelea kukuonyesha mafaili ya zamani kana kwamba yote ni sawa. Google hutoa GB 15 bure, na hizo hugawanywa kati ya Gmail, Drive na Picha. Maana yake kiambatisho ukikihifadhi kutoka Gmail kwenda Drive, sasa kinahesabiwa mara mbili: kimoja ndani ya ujumbe, kingine ndani ya folda. Kwa Microsoft, tangu mwaka 2023 viambatisho vya Outlook.com navyo huhesabiwa kwenye hifadhi ileile ya wingu, na akaunti ya bure ina GB 5. iCloud pia hutoa GB 5 kwa barua, picha na mafaili kwa pamoja. Ukitaka kupunguza mzigo kwenye Gmail, andika larger:10M kwenye kisanduku cha kutafutia na utaletewa ujumbe wenye ukubwa unaozidi MB 10. Futa usioutaka, kisha safisha na pipa la taka, kwa kuwa vilivyomo pipani bado vinahesabiwa.

Kuhusu nishati: OneDrive hujisitisha kompyuta ikiingia hali ya kuokoa betri au ikiunganishwa kwenye mtandao uliowekewa alama kwamba una kipimo, kama ule wa simu. Android tangu toleo la 6.0 la mwaka 2015 hulaza programu za nyuma simu ikiwa imetulia, na iPhone ina swichi ya kuzuia programu kujisasisha nyuma ya pazia. Suluhisho la haraka kwenye simu ni kuiacha programu ya wingu ikiwa wazi, skrini ikiwaka, mpaka faili lipande. Kagua pia ule mpangilio wa kupakia kwa Wi-Fi pekee. Na tazama saa ya kifaa. Saa iliyopotea kwa siku kadhaa huvuruga uhakiki wa vyeti vya usalama, programu ikashindwa kuzungumza na seva, na maelezo ya kosa utakayopewa hayatataja saa hata kidogo.

Kwenye kifaa cha pili, alama ya wingu kando ya jina la faili ina maana kwamba unaona jina tu. Maudhui yatashushwa ukilifungua ukiwa na mtandao. Kama unasafiri kwenda pasipo na mtandao, chagua kwanza faili libaki kwenye kifaa daima.

Kabla ya kufuta na kuanza upya

Kuiondoa akaunti kwenye programu ya wingu na kuiunganisha tena ni tiba halali, lakini iwe ya mwisho. Faili ambalo halikuwahi kupanda lipo kwenye kifaa hicho kimoja tu duniani. Nakili folda nzima kwenye diski ya nje au sehemu isiyosawazishwa kabla ya kugusa akaunti. Usifute pia faili kwenye kifaa kimoja ukitegemea kwamba la kifaa kingine litabaki. Ufutaji nao husawazishwa, tena kwa kasi. Ukishafanya kosa hilo, pipa la taka la mtandaoni la Google Drive hutunza mafaili siku 30, na la OneDrive binafsi vivyo hivyo.

Usiweke huduma mbili kwenye folda moja. Kila moja itaona mabadiliko ya mwenzake kama kazi mpya, na zitapelekeana faili lilelile mpaka majina yajae mikia ya mgongano.

Ikitokea faili limepotea kila mahali, rudi kwenye ujumbe. Maadamu ujumbe uko kwenye seva, kiambatisho cha awali kipo ndani yake na unaweza kukihifadhi tena, safari hii kwenye folda unayoijua. Kinachoweza kuwa kimepotea ni marekebisho yako. Hayo yatafute mahali pawili: orodha ya nyaraka za karibuni ndani ya programu uliyohariria, ambayo ukipitisha kipanya juu ya jina huonyesha anwani kamili ya faili, na ile folda ya muda iliyofichwa. Ukilikuta humo, usilifungue na kuendelea kuandika, linakili kwanza.